Vita vya Japani, Posa ya Newala

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mninga nje ya duka la Bi Rukaiya, pale Lisekese, ubavuni mwa njia ya kwenda Masasi mjini. Duka linauza chumvi, betri na sabuni za kipande, lakini kinachowaleta watu ni birika la kahawa linaloanza kutoa mvuke kabla ya saa moja asubuhi, na kashata za karanga zinazokatwa kubwa makusudi. Kila mwenye nafasi pale ana jina lake la kijiweni. Mohamedi anaitwa Salfa, kwa sababu msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya unga wa salfa akipita na lile bomba lake mgongoni hata kuku wanapiga chafya. Cuthbert, mpiga kengele wa kanisa, anaitwa Kengele, na aliyempa jina hilo hakujisumbua kufikiri. Silvesta, Baba Dorika, anaitwa Kinywa, na hilo alilipata kwa jasho: posa kumi na moja alizopeleka kama mshenga, Masasi, Chidya, Nachingwea, hakuna hata moja iliyorudishwa. Miaka tisa mwanzo wa benchi, upande wenye kivuli, ulikuwa wake na maneno yalikuwa yake. Halafu akaja Ashiru na gari lake.

Gari lilikuwa Noah nyeupe, mtumba wa Japani, na lilikuwa na kituko. Kila likiwashwa, mwanamke alisema maneno ya Kijapani ndani ya dashibodi, kwa upole wa muuguzi, kisha akanyamaza. Mafundi wawili wa mjini walishindwa kumtoa. Salfa alisema anasalimia, Kengele akasema anaomba mafuta. Ashiru, kijana wa miaka thelathini na kitu asiyeweza kuacha jambo likapita hivihivi, alianza kupekua kwenye simu habari za hao watu waliomweka mwanamke garini, akaishia kwenye vita vyao vya kale. Hii ilikuwa wiki ya tatu anawasimulia. Siku ya pili tu walishampa jina la Japani, na Silvesta alikumbuka kwamba yeye jina lake alilisubiri miaka miwili.

Silvesta alikuwa na wivu, na tusimpambe kwa neno lingine. Alizionea wivu nyuso za wenzake zilivyogeukia upande wa kijana. Aliionea wivu ile simu. Alimwonea wivu hata yule mwanamke wa dashibodi, ambaye kwa sentensi moja isiyoeleweka alikuwa anasikilizwa kuliko yeye. Lakini hayo angeyameza. Kilichomkwama kooni kilikuwa kingine. Jumamosi ilikuwa siku ya kupeleka posa ya Joel, mtoto wa Nikolao mwenye mashine ya kukoboa, kwa binti wa Newala aitwaye Loveness. Na Jumanne jioni Silvesta alimwona Nikolao ameinama kwenye dirisha la Noah, anaongea na Ashiru kwa sauti ya chini. Alisikia Jumamosi. Alisikia Newala. Alisikia "nakutegemea wewe". Kwake yeye Nikolao hakuja siku ile, Jumatano hakuja, na leo Alhamisi saa mbili ilikuwa imeshapita.

Mshenga akirukwa mara moja, watu huuliza kwa nini, na wakishauliza hawamtafuti tena. Silvesta hakuwa na mashine wala mikorosho ya kutisha mtu. Alikuwa na hiyo heshima tu, na asubuhi hiyo alikuja kijiweni kuipigania.

— Shikamoo Baba Dorika, Ashiru alisema, akamsogezea kikombe.

— Marahaba.

Hata adabu yake ilimuudhi. Mtu unayetaka kumchukia angalau akusaidie kidogo.

— Haya Japani, Salfa akasema, jana tulikomea pale bwana mkubwa anavuka mpaka. Endelea kabla sijaenda shambani.

— Okehazama, Ashiru akaanza. Mwaka elfu moja mia tano na sitini. Bwana mkubwa ni Imagawa Yoshimoto, ana majimbo matatu mkononi, anakuja na watu elfu ishirini na tano. Wengine wanasema pungufu, wengine wanazidisha, mimi nawapa hiyo. Mbele yake kuna kijana, Oda Nobunaga. Hata thelathini hajafika. Watu wa kwao wenyewe walikuwa wanamwita mpumbavu, maana alikuwa anatembea ovyo, nguo ovyo. Ana watu elfu mbili, sanasana tatu.

— Hiyo siyo vita, Kengele akasema. Hiyo ni kufagiliwa.

— Ndivyo wazee wake walivyomwambia. Tujifungie ngomeni. Yeye alfajiri anaamka, anacheza kidogo peke yake, anaimba, anavalishwa vyuma, anakula amesimama, anaruka juu ya farasi. Wanaomfuata hapo hapo ni watano, sita. Wengine wanamkuta njiani.

— Kula umesimama, Bi Rukaiya alisema kutoka kwenye birika lake. Huyo hakuwa na mwanamke wa kumkaripia.

Walicheka. Silvesta hakucheka. Mwisho wa benchi, upande wa jua, mzee mmoja mgeni alicheka kidogo na yeye. Huyo alikuwa amefika kabla yao wote, ameshika kofia ya pama mapajani, akaagiza kikombe kimoja na kumwambia Bi Rukaiya kwamba anamsubiri mtu. Wanaosubiri gari la Nachingwea hukaa pale kila siku ya Mungu, kwa hiyo hakuna aliyemhoji.

— Sasa yule mkubwa, Ashiru akaendelea, asubuhi ameshinda ngome mbili za mpakani. Amefurahi. Amekaa kupumzika kwenye vilima, watu wake wanakula, wanakunywa. Mchana mvua inakuja, na mawe ya barafu. Haoni mtu kitu. Kijana anapita nayo, anasogea. Mvua inakata. Anawashukia. Mkubwa anasikia kelele, inasemekana alidhani ni walevi wake wanagombana. Alipojua, mkuki ulikuwa umeshafika. Elfu ishirini na tano wakatawanyika.

Pakawa na kimya cha watu walioshiba. Kimya cha namna hiyo zamani kilikuwa kinamfuata Silvesta.

— Ni upepo, Salfa akasema.

— Mvua, amesema mvua.

— Kengele, mimi nina miaka kumi na nne kwenye bomba. Ukitaka kujua upepo niulize mimi. Ukisimama vibaya salfa yote unakula wewe, mkorosho unakuangalia. Huyu kijana alisimama mgongo kwenye upepo, wenzake ikawapiga usoni.

— Hilo lipo hata kwenye maelezo yao, Ashiru akakubali. Mvua iliwapiga usoni watu wa Imagawa.

Salfa alipokubaliwa akakua ghafla.

— Na mimi naenda mbali. Ile haikuwa mvua tupu. Japani si nchi ya milima ya moto? Milima ya moto ina nini? Salfa. Yule alipuliza. Watu elfu mbili, kila mmoja na kifuko chake, wanamwaga kwa pamoja. Ishirini na tano elfu wanapiga chafya, wewe utashika mkuki na chafya?

— Acha hizo, Kengele akasema. Chakula ndicho kilichowamaliza. Niambie, watu wote hao mchana wamekula nini?

— Wali, nadhani.

— Wali. Mchana, baada ya kutembea usiku. Mimi nikila wali wa sherehe saa saba, kengele ya saa tisa anapiga mke wangu. Na pombe juu yake. Umeona watu msimu wa mabibo, pombe ya uraka imeiva, mtu analala njiani kichwa kwenye tairi la baiskeli ya mwenzake? Sasa mimi nasema huo wali aliupeleka Nobunaga mwenyewe. Kawavisha watu wake nguo za wanakijiji, karibuni wakubwa, tumewapikia.

— Wenyeji walipeleka chakula na pombe kweli, Ashiru alisema. Imeandikwa.

— Mmesikia? Imeandikwa.

Imeandikwa. Silvesta alilitazama lile neno likizunguka benchi kama sahani ya kashata, kila mtu anachukua chake. Ashiru alikuwa na namna moja mbaya sana: alikuwa mkarimu. Mtu akisema upuuzi alimtafutia mahali pa kuuweka. Silvesta enzi zake aliwashinda watu, na hakuwahi kuwaza kwamba wangependa zaidi kukubaliwa.

— Ninyi wanaume hamjui maji, Bi Rukaiya akasema, akijaza vikombe. Mimi nimekulia Newala, enzi za kuteremka bondeni na ndoo alfajiri na kurudi jua kichwani. Watu elfu ishirini na tano wamekaa juu ya vilima, na farasi, maji yako wapi? Yako chini. Kwa hiyo ishirini elfu walikuwa bondeni wanapanga foleni na ndoo. Juu kabaki huyo mzee na wapishi. Ndiyo maana elfu mbili walitosha.

— Hapo bibie umesema kweli, mzee mgeni alisema. Maji ya kuteremkia yanamaliza jeshi lolote.

Mtu mwingine yeyote, siku nyingine yoyote, angegeuka na kumuuliza huyu mzee anajuaje habari za maji ya kuteremkia, na katoka wapi. Silvesta mwenyewe, ambaye kazi yake ni kujua mtu katoka wapi kabla hajamaliza kuitikia salamu, angekuwa wa kwanza. Lakini macho yake yalikuwa kwa Ashiru, aliyekuwa anamwambia Bi Rukaiya kwamba hilo la maji hajalisoma popote ila linaingia akilini.

— Mnazunguka tu, Silvesta akasema.

Waligeuka.

— Yule mkubwa hakushindwa na mvua, wala salfa, wala ndoo. Alishindwa kuchagua mtu.

— Mtu gani, Baba Dorika?

— Wa kumtanguliza. Ana watu elfu ishirini na tano, hakupatikana hata mmoja wa kwenda kuongea? Nipeni mimi siku moja kwa huyo Nobunaga. Naingia, navua viatu, nasifia nyumba, naulizia afya ya mama yake. Sitaji vita. Kahawa ya kwanza naongelea mvua, kahawa ya pili yeye mwenyewe ananiuliza, hivi mkubwa wako anataka kupita njia gani nimfagilie.

Ilikuwa nzuri. Salfa alishaanza kucheka, Kengele alishapiga goti lake, na Silvesta alihisi benchi likimrudia.

— Ila wale wanakunywa chai, Ashiru akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema kila kitu, mtu anayependa mambo yakae sawa. Lakini kicheko kilichokuwa kinamjia Silvesta kilikata kona kikamwendea Ashiru, kikubwa zaidi, na Salfa akarudia mara mbili, chai, Kinywa kaenda Japani kuomba kahawa. Damu ilimpanda Silvesta mpaka masikioni.

— Sawa. Chai. Unajua chai yao, unajua vilima vyao, umekariri na majina. Hebu niambie, mjomba wa binti wa Newala anaitwa nani?

— Binti yupi?

— Loveness. Unayekwenda kumposa Jumamosi. Unadhani sijui?

Ashiru aliduwaa.

— Mjomba wake simjui, Baba Dorika. Ila mimi kwani...

— Hamjui. Mmemsikia wenyewe? Mnapeleka mtu kwa Wamakonde wa Newala, watu ambao mtoto ni wa mjomba, baba anakaa pembeni anasubiri kuambiwa, na mtu wenu hamjui mjomba. Anaitwa Filemoni. Mimi nimeulizia mwenyewe, hata kabla ya kutumwa. Filemoni, kaka mkubwa wa mama yake, mtu wa maneno machache, asiyependa kuharakishwa. Hiyo ndiyo kazi. Hiyo haiko kwenye simu.

Mzee mgeni aliacha kutafuna kashata.

— Baba Dorika, mimi Jumamosi... Ashiru alijaribu tena.

— Nisikilize, kijana. Mshenga siyo msimuliaji. Mshenga ni mtu wa kufunika. Wewe unaweza kufunika? Unadhani Joel ni kijana wa kuposewa kirahisi? Nani aliyeifunika ile ya Joel ya Lulindi? Mimi. Mwaka wa pili huu, Newala nzima hakuna anayeijua. Kwa nini? Kwa sababu iko humu.

Akajipiga kifuani. Wote walikuwa wanamtazama yeye, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, na ilikuwa raha.

— Kahawa yako inapoa, Bi Rukaiya alisema polepole.

Salfa aliangalia viatu vyake. Ya Lulindi kijiwe kizima kilikuwa kinaijua, hata Ashiru alishasimuliwa, na kilikuwa kimeapa kutoitaja. Joel alimposa Salome, binti wa mwalimu, ndoa ikatangazwa kanisani Jumapili mbili, na kabla ya ya tatu kijana akakimbilia Tunduru bila kuaga. Mchele ulikuwa umeshanunuliwa. Aliyekwenda kukaa mbele ya yule mwalimu na kupokea matusi ya siku nzima, badala ya Joel, alikuwa Silvesta. Hakuwa anadanganya. Aliifunika kweli, na aliifunika vizuri.

— Samahani wenyeji, mzee mgeni akasema. Hiyo ya Lulindi ni ipi?

Swali dogo, la mtu anayesubiri gari.

— Maneno ya kijiweni tu mzee wangu, Silvesta alisema. Yasikusumbue.

— Hayanisumbui. Nimeuliza tu, ni ipi?

— Alikata mkorosho wa mtu, Salfa akasema.

— Ni baiskeli, Kengele akasema, kwa wakati uleule.

Mzee aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

— Mkorosho na baiskeli, alisema. Akaweka kikombe chini. Mimi ndiye Filemoni.

Silvesta alijaribu kusimama, lile goti lake bovu likamkatalia, akabaki nusu amesimama nusu amekaa.

— Nikolao alinipigia simu Jumatatu, mzee akasema. Akaniambia, mshenga wetu ni Baba Dorika, hatujawahi kumtuma mwingine, ukipita Lisekese utamkuta kwa Bi Rukaiya. Sasa kwetu sisi, mjomba akiletewa posa hujiendea mwenyewe kimyakimya kuangalia watu. Nilikuwa na safari ya Masasi kuchukua dawa ya mikorosho, nikasema niwahi nikae. Sikujitambulisha. Mtu akijua anaangaliwa humuoni.

— Jumatatu, Silvesta akasema. Alimgeukia Ashiru. Na wewe Jumamosi?

— Dereva, Baba Dorika. Kakodi gari. Alisema ananitegemea nisichelewe, na nikuwekee wewe nafasi ya mbele kwa sababu ya goti. Hakutaka upande Hiace na lile koti lako la kupelekea posa.

Silvesta alimtazama. Alitafuta usoni mwa kijana chembe ya kejeli ili aishikilie, hakuiona. Ingekuwepo ingemsaidia.

— Mzee Filemoni, alianza. Lile jambo...

— Ngoja nikuambie, ndugu yangu, Filemoni akasema, na hakupandisha sauti. Vijana wanafanya mambo. Hata mimi nina ya kwangu. Ungekuja Jumamosi, ukakaa mkekani kwangu, ukasema kijana wetu aliwahi kukosea, ikawa hivi na hivi, tunaomba mtuvumilie, ningekusikiliza mpaka mwisho. Si ndiyo kazi ya mshenga? Sasa nimeisikia kwenye benchi, na nimeisikia ikitumika kumpigia huyu bwana mdogo aliyekukaribisha kahawa.

Alivaa kofia yake.

— Nikifika nyumbani dada yangu ataniuliza umeona nini. Na mimi sina la kumjibu. Kwa hiyo nauliza mara ya mwisho. Lulindi kulikuwa na nini?

Silvesta alifungua mdomo. Alikuwa anajua namna ishirini za kuanza habari mbaya. Alikuwa amewahi kumfanya mwalimu aliyeaibishwa kanisani amkaribishe chakula cha jioni. Lakini kila neno alilolishika aliliona limeshachafuka, kwa sababu wote pale walikuwa wamemsikia amelitoa kwa ajili gani. Akaufunga mdomo. Bi Rukaiya aliinamia jiko akawa anapuliza mkaa usiohitaji kupulizwa.

— Baba, Ashiru alimwambia Filemoni, nikusogeze stendi? Jua limeanza kuwa kali.

— Nisogeze, mwanangu.

Wakaondoka wote wawili. Noah iliondoka polepole, ikasimama pale barabarani kupisha ng'ombe wa mtu, na kupitia kioo cha nyuma benchi zima liliona vichwa viwili. Filemoni aligeukia upande wa dereva na kusema jambo. Silvesta alijua ni swali gani. Ashiru akaanza kuongea, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukieleza, na mzee akawa anaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeanza kuelewa. Ng'ombe walipita wote na gari halikuondoka.

— Anamtengenezea Joel, Kengele alinong'ona. Mungu amsaidie amtengenezee.

Posa ya mtoto wa Nikolao ilikuwa inaning'inia pale barabarani, na Silvesta alijua anapaswa kuomba hilohilo. Alijaribu. Lakini alivyokuwa amekaa, kikombe kimepoa mkononi, hakuogopa kwamba kijana ataiharibu. Aliogopa kwamba anaeleza vizuri.